Kitambaa Kikavu

Kitambaa cha mama mfagizi kilipita kwenye shingo ya tangi, kikarudi kikavu. Akakitazama, akapitisha tena.

"Kwani hili lenu halitoi jasho?"

Lennox alicheka. Tangu asubuhi alikuwa amesimama katika ukumbi huu wa Birmingham, kati ya wahandisi wa baridi kali, akionyesha matangi ya kiwanda chake kidogo cha Saltley. Hatimaye alikuwa amepata wa kumweleza kwa Kiswahili.

"Tangi zima halitoi jasho, mama. Humu mna naitrojeni ya maji, baridi ya kugeuza kidole kuwa jiwe, lakini nje pakavu. Ukiona jasho, ujue ukuta wake umepasuka, baridi inatoroka. Litalowa hivyo mpaka tone la mwisho la ndani liishe."

"Ala! La kliniki ninakofagia alfajiri limelowa tangu Jumatatu. Nalipangusa kila siku, wauguzi wasije wakateleza."

Kicheko kikamkauka Lennox mdomoni. "Lina kibandiko kama hiki chetu?"

"Hichohicho."

"Wanaweka nini ndani?"

"Watoto, mwanangu. Wale wa kugandishwa, ambao bado hawajatiwa tumboni. Wawili ni wa dada mmoja wa kanisani kwetu."

Lennox alikuwa ameshashika simu. "Na leo, mama? Leo umelipangusa?"

Mama akatabasamu, akikunja kitambaa chake taratibu.

"Leo Mungu amenihurumia. Nimelikuta kavu kabisa."