Koti Lililobakiza Moto Mmoja

Siku hizo makoti ya zimamoto yalijua kuhesabu. Ukibonyeza kola, koti linakutajia limebakiza kuhimili mioto mingapi, midogo halihesabu, na sheria ilikuwa hupewi jipya mpaka la zamani lifike sifuri.

La Zaituni lilikuwa limebakiza mioto kumi na miwili. Liliporudi kutoka zamu ya usiku linanuka masizi na plastiki iliyoungua, mama yake, Bi Mwanakheri, hakuvumilia. Akaliloweka kwenye jiki tangu alfajiri, akalifikicha huku akimsalia Mtume, akalianika juani mpaka alasiri. Likatakata.

Zaituni alipoamka akabonyeza kola.

"Mmoja," koti likasema.

"Mama, umelifanya nini?"

"Nimelifua. Lilikuwa linatia kinyaa, mwanangu."

"Kwa jiki? Mama, hili si shuka!" Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Jiki na jua vinakula nyuzi zake."

"Basi karudishe wakupe jingine."

"Kwa mmoja hawabadilishi."

Simu ya kituo ikalia. Ghala la magodoro lilikuwa linawaka. Zaituni akalivaa koti lake safi, akambusu mama yake mkono, akatoka mbio.

Bi Mwanakheri akatandika mswala. Alitaka kuomba moto ule uwe mdogo, akakumbuka kwamba moto mdogo koti halihesabu, na kesho Zaituni angelivaa tena lilelile. Kuomba uwe mkubwa hakuthubutu. Akabaki ameinua mikono, hajui amwombe Mungu nini.