Mbwa Asiye na Ukoo

Mgeni kutoka chama kikuu cha wawindaji wa mbweha alisimama mbele ya mbwa chotara wa klabu ndogo ya uwindaji. "Huyu hana ukoo. Klabu yenu ikitaka kuingia kwetu, aondoke leo."

Gilbert, mtunza mbwa wa klabu, alimshika mbwa huyo shingoni. Yeye ndiye aliyemwokota kwenye theluji katika mji wa Eagan, na siku hizi mbwa wenzake wakipoteza harufu ya mbweha, wanamfuata huyu huyu. Chini ya vidole vyake, moyo wa mbwa ulikuwa unadunda mbio.

Mama mwenye klabu alikuwa amehangaikia nafasi ya kuingia chama kikuu miaka mingi. Alimtazama mbwa, halafu akatazama chini.

"Gilbert, fungua geti."

"Madam, huyu haendi popote. Labda ututoe sote wawili."

"Nani amemtaja mbwa? Mgeni wetu anaondoka."