Panya Hawagomi

"Kata hapo," alisema bosi. "Panya wasiweke sururu chini. Waendelee kuchimba huku wanaimba."

Mhariri akakata. Kwenye kioo cha kompyuta, umati wa panya waliokuwa wamekunja mikono mbele ya kiti cha Mfalme Paka ukatoweka.

Filamu hiyo ilitokana na mchezo wa video. Mchezo ule aliucheza na kaka yake utotoni mpaka vidole gumba vikachubuka. Hatua ya mwisho haikuwa na vita: uliachia vitufe vyote, ukatulia tuli, panya wakagoma, kiti kikaanguka chenyewe. Mtunzi wake, aliyejulikana kwa jina la Kucha tu, alifungwa kwa sababu ya hatua hiyo. Magazeti hayakuwahi kutoa hata picha yake.

"Sasa filamu itaishaje?" aliuliza.

"Mfalme alikuwa mpweke. Panya mdogo anamkumbatia, muziki unapigwa, wote wanacheza."

"Paka akumbatiwe na panya! Bosi, hata mtoto wa chekechea atatucheka."

"Acheke, ndiyo kazi yetu. Baba, mama na watoto wakae, wacheke, warudi kwao. Siasa sitaki." Akanyoosha kidole. "Na huyo panya anayechechemea mfute kabisa. Yeye ndiye huwa wa kwanza kugoma. Kuna watakaomkumbuka."

Kumbe mchezo anaujua, mhariri aliwaza, na kinyaa kikamjaa. Afadhali angekuwa hajui. Huyu alijua vizuri anachokichinja.

Akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Sikati tena. Kucha ameozea gerezani kwa ajili ya panya hawa, wewe unawachezesha muziki! Huoni haya, mtu mzima wewe? Sisi tulimpenda yule mtu. Mtaa mzima tulichora panya wake ukutani. Tulivaa fulana zenye jina lake. Tuliliimba mpaka sauti zikatukauka!"

Bosi hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula, naye ameshameza nusu sahani.

"Habari za fulana zilinifikia, mwanangu," alisema. "Kila siku ya kutembelea wafungwa nilikaa nikitazama mlango. Alikuja mama yangu peke yake, mpaka alipokufa. Baada yake hakuja mtu."