Mchele wa Bi Arafa

Salha aliketi mbele ya Bi Arafa, mshauri wa wanafunzi wa chuo, na ulimi ukamganda. Bi Arafa hakumuuliza kitu. Alimsogezea ungo wa mchele.

"Nichambulie, mwanangu. Macho yangu siku hizi hayanisaidii."

Salha akaanza kutoa chuya na vijiwe, akivitia kwenye kikombe. Mikono ilipozoea, mdomo nao ukafunguka wenyewe: alizimia siku walipofunuliwa maiti ya kujifunzia, tangu hapo darasani haendi, na nyumbani wameshaanza kumwita 'daktari wetu'. Alilia, akachambua, akacheka kidogo. Mchele ulipotakata, walikuwa wamekubaliana kwenda pamoja kwa mwalimu wake kesho.

Alipofika nje akakumbuka mwavuli, akarudi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akamwona Bi Arafa akiumimina uchafu wote wa kikombe juu ya mchele, kisha akiuchanganya kwa vidole.

Salha aliuacha mwavuli. Kwenye benchi la nje alikuwapo mwanachuo mmoja, ameinamia viatu vyake kama mtu anayetaka kukimbia.

"Ingia tu, kaka," alimwambia. "Mama wa watu haoni vizuri. Kamchambulie mchele."