Zoezi la Simu

Fundi bomba aliingia ukumbini na kofia yake ya kijeshi kwapani, akikwepa macho ya watu kama mwizi wa kuku. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Juzi Jumamosi kikosi cha akiba cha jiji kuu kilikuwa na zoezi la simu. Saa tisa alasiri mkuu wa kikosi anampigia kapteni, kapteni anampigia sajenti, sajenti koplo, koplo askari wake. Simu moja isipopigwa, mnyororo umekatika, na aliyeukata anavuliwa cheo mbele ya wenzake.

Saa tisa hiyo fundi alikuwa harusini kwa mpwa wake, anacheza mpaka shati limelowa, simu imezimwa ndani ya mkoba wa mkewe. Alipokuja kukumbuka, ni saa kumi na mbili.

"Nenda kaseme ukweli, Baba Mapacha," mkewe alimwambia asubuhi. "Miaka ishirini unavaa hizo nguo, leo ndiyo uanze uongo?"

Sasa mkaguzi kutoka makao makuu alisimama chini ya chati ya vyeo, daftari mkononi, akauliza kuanzia chini kwenda juu.

Akinifikia tu, nasema, fundi alijiapia.

Askari, kinyozi mwenye maneno mengi, aliruka wima. "Koplo alinipigia, afande! Hata salamu hakunipa, amri tu!"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alimkodolea macho.

"Sajenti alinipigia," akasema koplo. "Nilikuwa naoga, nikapokea na povu kichwani."

Sajenti, mama muuza vitambaa, hakutaka kupitwa. "Mimi kapteni alinipigia, nikamwacha mteja kashika mkasi."

Kila jibu lilimzidishia fundi jasho. Ule ukweli aliotoka nao nyumbani ulianza kumponyoka.

Kapteni, ambaye siku za kazi ni meneja wa benki, alirekebisha tai asiyokuwa nayo. "Mkuu wa kikosi alinipigia saa tisa kamili, afande. Tukataniana kidogo."

Mkaguzi akaandika, kisha akamgeukia fundi.

"Umebaki wewe tu, mkuu wa kikosi. Ni kweli ulimpigia?"

Ukumbi mzima ulikuwa unatazama sakafu.

Fundi akaitoa kofia kwapani, akaivaa.

"Kweli," akasema. "Tulitaniana sana."