Maji ya Chumvi, Mara Mbili kwa Siku

Kitu cha kwanza alichokiona Dada ni jani. Kabla ya wekundu, kabla ya usaha, kabla hata ya kuinua macho amtazame mwenye kitovu, aliona jani dogo la dhahabu likining'inia kwenye kipini, ncha yake imepinda.

Kisha akamtazama usoni msichana aliyelala kitandani, akamtambua.

"Nani alikutoboa?" aliuliza Bi Hereni, mwenye duka, kutoka mezani alikokuwa akipanga vipini.

"Rafiki yangu. Kwa sindano ya kushonea."

"Alikuwa anatoboa kitovu au anashona gunia?"

Msichana alicheka, kisha akajishika tumbo kwa maumivu. "Dada, nisaidie. Mama asijue tu."

Msichana hakumtambua yeye. Barakoa ilifunika nusu ya uso wa Dada, na hata bila barakoa asingemtambua. Miaka miwili iliyopita, mtu huyohuyo ndiye aliyemfulia nguo, akampigia pasi, akamwamsha kila asubuhi. Hata huko nyumbani kwao, alikokuwa mtumishi, walimwita Dada, na hakuna aliyewahi kumtazama vizuri usoni.

Isipokuwa siku ya mwisho. Siku hiyo mama mwenye nyumba aliumwaga mfuko wa Dada getini mbele ya majirani: magauni mawili, kitana, ndala. Kilichotafutwa hakikuwemo.

"Keshakiuza," alisema mama. "Mwizi mkubwa huyu."

Binti alisimama barazani anakula mkate. Dada naye, ambaye hata salamu mbele za watu ilimshinda, alikaza macho chini. Majirani wakauchukua ukimya wake kuwa ndiyo jibu. Tangu hapo neno lile lilimtangulia kila mlango aliobisha, mpaka Bi Hereni, asiye na maswali mengi, alipompa kazi ya kuchemsha vyombo vya kutobolea. Na tangu hapo Dada alikuwa na ombi moja tu: nao walie.

Sasa mbele yake kulikuwa na chupa mbili. Moja ya spiriti, ambayo huunguza nyama mbichi na kuchelewesha kidonda kupona. Nyingine ya maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa.

Mkono wake ulikaa juu ya spiriti kitambo.

"Itauma?" msichana aliuliza, macho kayafumba.

"Kidogo," alisema Dada, akachukua maji ya chumvi.

Alilowanisha magamba mpaka yakalainika, akayafuta bila kuyakwangua. Bi Hereni alikuja kuchungulia.

"Kipini kizito hivyo, si ungekibadilisha?"

"Tukikitoa sasa, tundu litaziba na usaha utabaki ndani."

"Haya, umeshakuwa fundi," alisema Bi Hereni, akarudi mezani.

Msichana alijiinua kwa viwiko. "Hata nyumbani nisikitoe? Kidogo tu, mama akiwa karibu?"

"Usikitoe hata kidogo. Wala usikizungushe. Nawa mikono kwanza, halafu maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Lala chali. Usivae nguo ya kubana. Ukisikia homa, nenda hospitali siku hiyohiyo."

"Mama akikiona ataniua."

"Basi jifunike. Lakini usikitoe."

Msichana alirudi kila Jumamosi. Usaha ulikauka, wekundu ukafifia, ngozi ikaanza kukishika kipini vizuri. Dada hakuwahi kumuumiza. Alilisafisha hata lile jani, upande wa juu na wa chini, mpaka likang'aa.

"Una mkono mwepesi, Dada," msichana alimwambia Jumamosi ya sita. "Hata nyumbani sihudumiwi hivi."

"Nje kumepona. Ndani bado miezi. Sasa utajihudumia mwenyewe."

"Nitasahau."

"Nitakuandikia."

Dada aliishia darasa la tano, na herufi zake zilipanda karatasi moja moja kama mtu mwenye mzigo. MAJI YA CHUMVI, MARA MBILI KWA SIKU. USIKITOE. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika jina la duka na mtaa.

"Bandika bafuni, kando ya kioo."

"Mama je?"

"Nimeandika kitovu hapo?"

Msichana aliisoma tena juu juu, akacheka. "Dada, wewe mjanja."

Jumamosi ya saba aliingia akisukumwa bega. Nyuma yake alikuwa mama yake, ile karatasi mkononi, pembe zake zimelowa.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, mama."

"Kumbe wewe ndiye unayetoboa watoto wa watu wazazi wasijue."

"Sikumtoboa. Nilimwuguza tu. Tazama mwenyewe alivyopona."

Bi Hereni aliacha kupanga vipini. Msichana alikuwa ameing'ang'ania blauzi kwa mikono miwili. "Mama, twende. Nitakuonyesha nyumbani."

"Lala hapo, mdogo wangu," Dada alisema kwa upole. "Leo sitakugusa."

Mama aliivuta blauzi mwenyewe, akainama ili aone vizuri. Mkufu wake ukachomoka kifuani, ukaning'inia juu ya kitovu cha mwanawe: jani, jani, kijipete kitupu, jani.

Akalitazama jani la kitovuni, kisha kijipete kitupu.

Dada akashusha barakoa.

"Sikuiba, mama," alisema.