Benchi Lilipohama

Tangu raundi ya tano ya mechi ya besiboli, hakuna aliyemsemesha mrushaji, Tad Pruitt.

Alirudi kutoka uwanjani, akaketi, na benchi zima likahama. Wenzake walisogea mpaka mwisho wa kibanda, wakabanana kama kuku kwenye mvua, wakitema maganda ya mbegu za alizeti na kutazama viatu vyao. Hata Mo Castellano, ambaye hajafua soksi tangu timu ianze kushinda na ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa bubu.

Delvin kasema, aliwaza Tad.

Delvin Kroeger ndiye aliyekuwa akimdakia mipira. Asubuhi ile, hotelini, Tad alimwambia yeye peke yake kwamba mwakani anahama, ameshatia saini. Na chuo anachohamia ndicho hiki wanachocheza nacho leo, katika fainali ya taifa ya vyuo vidogo.

"Nitanyamaza," Delvin alimwambia. "Ila wakijua leo, kaka, watasema unawarushia hao jamaa mipira laini wapige."

Miaka mitatu Tad alikuwa amekula, amelala na kusafiri na watu hawa. Hakuwa na ndugu wengine.

Raundi ya saba alirusha ovyo, akampa mpinzani kituo cha bure bila hata kuupiga mpira, cha tatu leo. Siku nyingine Delvin angemfuata pale kwenye tuta la kurushia amuulize kama anarusha mpira au anamwaga takataka. Leo alimrudishia mpira bila kumtazama usoni.

Raundi ya nane iliisha wakiwa mbele kwa bao moja. Tad aliomba maji. Kocha Lindahl aliweka chupa sakafuni, akaisukuma kwa ncha ya kiatu, akaenda zake.

Ikabaki raundi moja. Tad aliuweka mpira benchini. Asingeweza kupanda tuta hivi. Akasimama.

"Jamani, najua mmesikia. Ni kweli, nimesaini na hao. Nawaacha. Lakini leo sijawauza, naapa. Nitukaneni basi, kuliko kuninyamazia hivi."

Mo aliziba masikio asimsikie Tad, akachelewa.

"Umesaini na nani?" Kocha aliuliza taratibu.

Tad alimgeukia Delvin. Midomo ya Delvin ilikuwa imekauka.

"Sijamwambia mtu," alinong'ona. "Tad, kwani leo hujatazama ubao?"

Tad hakuwa ameinua macho mchana kutwa. Sasa aliinua. Kwenye jina la wapinzani, pale inapoandikwa mipira waliyoipiga wakafika kituoni, palikuwa na sifuri.

"Raundi nane hakuna aliyeupiga mpira wako akafika kituoni," alisema Mo, machozi yakimlenga. "Ni mwiko wa mchezo huu: mrushaji wa hivyo hasogelewi, hasemeshwi. Tulikuwa tunakulindia bahati."